Fisi wa Bibi: Je, Hadithi za Watoto ni Uongo?



Ndugu msomaji, makala haya ni somo, lakini pia ni kusahihisha kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza chuoni tulisoma adhabu inayomngoja mtu anayemzulia Mtume (s.a.w.) maneno ambayo hakuyasema. Somo lilinitisha, kama linavyopaswa kumtisha kila mwanafunzi. Jioni ile nikafika nyumbani, Buyenzi, nikiwa na ule moto wa mwanafunzi mpya. Bibi alikuwa amekaa uani juu ya mkeka, wajukuu wamemzunguka, na Sungura alikuwa karibu kumshawishi Fisi aingie mtegoni. Nikasimama mlangoni nikasema, "Bibi, hayo yote ni uongo, na uongo ni haramu. Bora uwafundishe sura."

Bibi hakubishana. Alisema tu, "Haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," akawaamuru watoto wakanawe miguu. Tangu siku ile mkeka ulibaki umekunjwa. Na watoto je, walijifunza sura kwa sababu ya ukimya ule? La. Walihamia kwenye simu ya mama mdogo, wakawa wanagombania kioo cha ukubwa wa kiganja mpaka adhana ya Isha.

Naandika hivi kwa sababu wengi wetu tunaosoma gazeti hili bado tunaishi na wadogo zetu, wengine tunafundisha madrasa mwisho wa wiki, na baada ya miaka michache tutakuwa wazazi, inshaallah. Fatwa ya mlangoni niliyoitoa mimi hutolewa katika nyumba nyingi, na mara nyingi hutolewa na sisi vijana tuliosoma kidogo.

Neno moja, mizigo miwili

Nadhani sehemu ya tatizo ni lugha yetu. Kwa Kiswahili, "hadithi" ni neno la Mtume (s.a.w.) lililopokewa kwa sanad, na "hadithi" ni kisa cha Sungura na Fisi. Mwarabu ana neno lake kwa kila kimoja. Mrundi naye husema "umugani" anapotaka kisa, na hakuna atakayechanganya umugani na Sahihi ya Bukhari. Sisi tunatumia neno lile lile, kisha tunashangaa hukumu ya jambo moja inapoangukia jambo jingine.

Onyo kuhusu kumzulia Mtume (s.a.w.) ni kweli na ni kali. Ila linamhusu anayesema "Mtume amesema" hali ya kuwa hakusema. Fisi hana sanad, na bibi hakudai kwamba anayo.

Linabaki swali la pili, ambalo ni zito zaidi: hata bila kumtaja Mtume, je, kusema jambo ambalo halikutokea si uongo? Fisi hakuzungumza. Sungura hakumjibu. Kwa nini ulimi usihesabiwe?

Tuanze na Surat Yusuf, sura ambayo wengi wetu tumeihifadhi tangu madrasa. Katika aya ya 3 Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba anamsimulia Mtume wake simulizi iliyo bora kabisa. Katika aya ya 12 kaka zake Yusuf wanamwomba baba yao awaachie mtoto kesho yake waende naye, apate kufurahi na kucheza. Angalia jibu la Nabii Yaqub (a.s.) katika aya ya 13. Hasemi kwamba kucheza ni upuuzi, wala hasemi mtoto wa Nabii hachezi. Anasema inamhuzunisha kumwona akiondoka, na anaogopa mbwa mwitu asije akamla. Hofu yake ni usalama wa mtoto. Mchezo wenyewe hakuupinga. Kisha, kuanzia aya ya 16 hadi ya 18, wale kaka wanarudi usiku wakilia, na kanzu yenye damu ya uongo, na kisa kilichopangwa vizuri cha mbwa mwitu.

Kwa hiyo sura moja ina simulizi, ina mchezo, na ina uongo, na vitu hivyo vitatu havikuchanganywa. Mbwa mwitu wa kaka zake Yusuf hakumla mtu, na fisi wa bibi hakuingia mtegoni. Wote wawili ni wanyama wa maneno tu. Tofauti ni kwamba kaka zake Yusuf walitaka waaminiwe. Walileta machozi, walileta kanzu, walileta damu, kila kitu cha kumfanya mzee adhani ndivyo ilivyokuwa. Bibi yeye hufanya kinyume chake. Kabla ya kuanza huita, "Hadithi, hadithi!" na watoto hujibu kwa sauti moja, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Sikiliza neno la katikati. Watoto wenyewe wanauita uongo uje, kwa jina lake, mchana kweupe. Ni mapatano kabla ya biashara: ninachokupa sasa si habari, ni kisa. Yuko wapi aliyedanganywa?

Hoja hii si yangu peke yangu. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 516 Hijria (1122), alitunga Maqamat, visa vya mjanja mmoja aitwaye Abu Zayd, na alijua atalaumiwa. Katika utangulizi wake alijitetea kwamba visa vyake viko katika njia ya vile visa vilivyotungwa kuhusu wanyama na vitu visivyo na uhai, na kwamba hajasikika mtu aliyevikataa visa hivyo wala aliyewaita wasimulizi wake wenye dhambi. Na kwamba matendo huangaliwa kwa nia. Visa vya wanyama alivyovikusudia vilikuwa vinajulikana kwa Waislamu kwa karne kadhaa kupitia Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikileta katika Kiarabu kutoka Kipahlavi katika karne ya pili Hijria, na ambacho asili yake ni India. Mbweha wawili wanaozungumza walisomwa katika miji ya Kiislamu kabla bibi zetu hawajazaliwa.

Na ukitazama njia yetu wenyewe, utaona kwamba visa husafiri na Waislamu. Buyenzi ilikuwa makazi ya Waswahili tangu mji huu ukiitwa Usumbura chini ya Wabelgiji, na wazee wengi wa hapa hutaja asili ya Ujiji, ya Kongo, au ya pwani. Pamoja na biashara na misahafu alikuja Abunuwasi, ambaye jina lake ni la mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, lakini katika vinywa vya bibi zetu amekuwa mtu wa mtaani kabisa. Hapa akamkuta Samandari wa Warundi, naye mcheshi wa kuwacheka wakubwa. Wapenzi wa fasihi wa Bujumbura walipoanzisha baraza lao waliliita kwa jina lake. Uani kwetu hawa wawili huishi jirani. Bibi husimulia kwa Kiswahili, lakini vitendawili huvitega kwa Kirundi: yeye "Sokwe!", watoto "Niruze!"

Nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilisikia visa

Kuna riwaya mbili ambazo laiti ningezisoma kabla ya kusimama mlangoni.

Ya kwanza ni ya Bi Aisha (r.a.) na farasi wake, aliyoipokea Abu Daud. Mtume (s.a.w.) amerudi kutoka safari, ya Tabuk au ya Khaybar, mpokezi ana shaka. Upepo ukafunua pazia, wakaonekana wanasesere wa Bi Aisha, na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume akauliza ni nini hiki, akaambiwa ni farasi. Akauliza, farasi ana mabawa? Bi Aisha akamjibu: kwani hujasikia kwamba Sulayman alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume (s.a.w.) akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Tazama kilichotokea. Kuna mchezo, uliotengenezwa kwa mkono kutokana na vipande vya nguo. Kuna kisa alichokisikia, nacho kimeingia ndani ya mchezo. Kuna ujasiri wa kujibu hoja. Na kuna mtu mzima anayeuliza maswali na kucheka. Hakuna aliyesema, "Farasi hana mabawa, yaondoe."

Ya pili ni ndefu zaidi, na ni maarufu kwa jina la hadithi ya Umm Zar. Imo katika Bukhari na Muslim. Bi Aisha anasimulia kisa cha wanawake kumi na moja waliokaa wakapeana ahadi ya kutoficha chochote kuhusu waume zao, kisha kila mmoja akamweleza wake, kwa mafumbo na kwa lugha nzito ambayo wanazuoni wameandika kurasa nyingi kuisherehesha. Mtume (s.a.w.) alisikiliza mpaka mwanamke wa kumi na moja, kisha akamwambia Bi Aisha kwamba yeye kwake ni kama Abu Zar alivyokuwa kwa Umm Zar. Tirmidhi ameiweka riwaya hii katika Shamail, katika mlango unaohusu mazungumzo ya usiku. Mtu mwenye umma mzima juu ya mabega yake alipata muda wa kusikiliza kisa kirefu nyumbani kwake, na mwisho akasema neno lililoonyesha kwamba alikuwa akifuatilia kweli. Wengi wetu hatuwezi kumsikiliza mdogo wetu dakika tatu bila kutazama simu.

Mpaka uko wapi

Kuna mpaka, na sitaki nisomwe kana kwamba naufuta. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201), aliandika kitabu kizima kuhusu wasimulizi wa misikitini, na kingine kuhusu hadithi za kuzua. Yeye mwenyewe alikuwa mtoa mawaidha mkubwa, kwa hiyo hakuwa adui wa visa. Alichokipiga vita ni wale waliowaliza watu kwa mambo ya kubuni wakiyavika sanad. Hapo ndipo tuwe macho hata na watoto. Ukiwasimulia kisa cha Nabii Nuh (a.s.) au cha Bilal (r.a.), simulia kilichopokewa na uishie hapo. Usimwongezee Bilal mazungumzo kwa sababu watoto wanataka zaidi. Kwa visa vya namna hii huitwi "uongo njoo". Kwetu sasa tuna desturi: visa vya Mitume huanza kwa Bismillahi na hakuna anayeviongeza, visa vya Sungura huanza kwa mwito wake na kila mtu anaweza kuongeza. Hata mtoto wa miaka mitano anaijua tofauti hiyo, na pengine anaijua kuliko nilivyoijua mimi mwaka ule.

Lakini kama tunautafuta uongo nyumbani, twende unapoishi. Abu Daud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amir kwamba mama yake alimwita siku moja, Mtume (s.a.w.) akiwa amekaa nyumbani kwao, akamwambia njoo nikupe kitu. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema, tende. Mtume akamwambia kwamba kama asingempa kitu, angeandikiwa uongo mmoja.

Sasa pima. "Nyamaza, nitakununulia biskuti," na biskuti haiji. "Usipolala askari atakuja kukuchukua." "Simu imekufa, haina chaji," na simu iko mfukoni inaita. "Kuna zimwi huko nje linakula watoto wanaotoka." Haya yote husemwa ili yaaminiwe. Hayana mwito, hayana mapatano, na mtoto akigundua amepoteza imani kwetu. Zimwi lile lile likiwa ndani ya kisa, mbele yake kukiwa na mtoto shujaa anayelishinda, ni mazoezi ya moyo. Likitumiwa kumtisha mtoto alale, ni uongo kamili. Na Ibn Khaldun katika Muqaddima ameonya kwamba mtoto anayelelewa kwa ukali na kutishwa huishia kujifunza uongo na unafiki, akionyesha nje kisichomo ndani kwa kuogopa mkono utakaompiga. Sisi tulimnyamazisha bibi kwa jina la ukweli, huku tukiwafundisha watoto uongo kwa vitisho. Namaanisha mimi pia.

Kuchoka kwa mtoto

Fikiria siku ya mtoto wa mtaa wetu. Asubuhi shule, mchana madrasa, jioni kazi za shule, na katikati ya hayo kutumwa dukani mara nne. Imam Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, 1111), ambaye hakuna atakayemtuhumu kwa kupenda upuuzi, ameandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri apumzike na taabu ya masomo, bila kuchoshwa na mchezo wenyewe. Na ametoa sababu: kumzuia asicheze na kumchosha kwa masomo daima kunaua moyo wake, kunazima akili yake, na kunamfanya ayachukie maisha mpaka atafute hila ya kuyakimbia masomo kabisa. Waalimu wa madrasa wenzangu, tunaposhangaa kwa nini kijana wa miaka kumi na minne hataki tena kuingia msikitini, tuikumbuke sehemu hii.

Mchezo huo hauhitaji fedha. Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) anaeleza, katika Bukhari na Muslim, jinsi walivyowafungisha watoto wao siku ya Ashura na kuwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufu, mtoto akililia chakula wakampa mchezo mpaka wakati wa kufuturu. Wazazi walikaa wakatengeneza. Hapa kwetu mtoto akiachiwa waya atapata gari, akiachiwa matambara atapata mpira, na mabinti wakiachiwa mchanga na majani watafungua soko la ndagala ambalo bei yake hupanda kila dakika. Kazi yetu kubwa ni kutolitupa lile gari la waya wakati wa kufagia. Kuhusu wanasesere, wanazuoni wamehitilafiana. Qadhi Iyadh ametaja kwamba walio wengi wanawaruhusu kwa watoto wa kike, na wako wanaosema ruhusa hiyo ilifutwa. Mwenye kutaka kutoka katika hitilafu hiyo, mwanasesere wa kitambaa aliyeshonwa nyumbani bila sura ya uso anatosha, na watoto humpenda vile vile.

Cheza nao pia, au angalau uliza. Mtume (s.a.w.) alimkuta Abu Umayr, mdogo wake Anas, amehuzunika kwa kufa kwa ndege wake mdogo aliyekuwa akicheza naye, akamuuliza habari za ndege kwa maneno yenye vina na jina la mtoto. Swali moja fupi. Mwanazuoni wa Kishafii Ibn al-Qass alitoa katika riwaya hiyo mafunzo sitini na kuyaandikia kijitabu. Mimi nachukua moja tu: msiba wa mtoto juu ya kitu chake cha kuchezea ulionekana kuwa msiba.

Kuhusu wakati, Bujumbura imetusaidia. Jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na tumefundishwa katika Bukhari kuwazuia watoto wasizurure nje usiku unapoingia. Kati ya Magharibi na Isha kuna saa moja na dakika kadhaa, watoto wako ndani, na mara nyingine umeme umekatika. Kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo baada ya Isha, isipokuwa yenye haja kama elimu au kuzungumza na ahli zake, saa ile ya kabla ya Isha ndiyo yake hasa. Robo saa ya Qur'ani, kisha kisa kimoja na vitendawili viwili. Ukikosea, watakusahihisha. Mdogo wangu alimkatiza mtu mmoja kwa kusema, "Jana fisi alikuwa na njaa siku tatu, leo umesema mbili." Sisi tunaosoma elimu ya hadithi tunaujua uhodari huo kwa jina la dhabt, na tunautungia vitabu.

Uani tena

Nilipomaliza kuisoma hadithi ya Umm Zar pamoja na sherehe yake, nilikwenda kwa bibi. Nilimwambia kwamba nilikosea, nikamsimulia wale wanawake mmoja mmoja kadiri nilivyokumbuka. Alisikiliza akichambua mchele. Nilipofika mwisho akauliza, "Kwa hiyo Bwana Mtume alikaa akawasikiliza wanawake kumi na moja wote?"

"Wote, bibi."

"Na wewe fisi mmoja tu alikushinda."

Mkeka ulikunjuliwa jioni ile ile. Bibi alidai kwamba amesahau visa vyake vingi, na kwa kweli vingine ameviacha katikati. Kaka yangu mkubwa ameanza kumrekodi ili visipotee. Lakini usiku wa kwanza hakusimulia yeye. Mdogo wangu wa miaka sita alikuwa amesubiri miezi, na alikuwa na kisa chake tayari. Akaita "Hadithi, hadithi!" tukaitikia, na mimi nikaitikia. Fisi wake alipanda Probox mpaka Gatumba, akakataa kulipa nauli, na dereva alikuwa kiboko.